Gasketi ya Kichwa cha Injini Hununuliwa Mwisho: Jinsi ya Kuichagua Wakati wa Oveholi

Katika karakana nyingi za Mombasa, injini ikifunguliwa asubuhi, mwenye gari hukabidhiwa orodha ya spea kabla ya adhuhuri, na juu kabisa ya orodha hiyo huwa pameandikwa hedi gasketi, yaani gasketi inayobanwa kati ya kichwa cha injini na bloku, mwili wenye silinda. Haraka hiyo haina sababu. Saa hiyo kichwa cha injini hakijafika kwa fundi wa mashine, silinda hazijapimwa, na hakuna anayejua kama bloku itapanuliwa, itatiwa slivu (silinda mpya za kupachikwa) au itaachwa ilivyo. Mambo hayo ndiyo yanayoamua gasketi itakuwa ya aina gani, matundu yake yatakuwa na upana gani na unene wake utakuwa kiasi gani. Kwa hiyo, gasketi ya kichwa na iwe spea ya mwisho kununuliwa katika oveholi, hata kama kuungua kwake ndiko kulikokufanya uifungue injini.

Kazi ya gasketi hii ni nzito kuliko inavyoonekana ikining'inia dukani. Inatenganisha vitu vitatu visivyopaswa kukutana: moto wa mwako ndani ya silinda, maji ya rejeta yanayopanda kutoka kwenye bloku kwenda kwenye kichwa, na oili. Shinikizo la mwako katika injini ya petroli inayovuta kwa nguvu hupita bar 50, na katika dizeli yenye turbo hupita mara mbili ya hapo, ilhali maji yaliyo milimita chache tu pembeni yana shinikizo la takriban bar 1. Tena nyuso mbili zinazoibana gasketi hazitulii. Alumini hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma cha kumimina: kichwa cha alumini chenye urefu wa milimita 400, joto lake likipanda kwa nyuzi 70, hurefuka kwa milimita 0.64 hivi, na bloku ya chuma iliyo chini yake hurefuka kwa nusu ya hapo. Tofauti hiyo yote huishia kwenye gasketi, kila mara injini inapopata moto na kila mara inapopoa.

Isome gasketi iliyotoka

Gasketi ya zamani isitupwe. Itiwe alama ya mbele na juu kabla haijabanduliwa, ilazwe mezani, kisha isomwe taratibu, kwa kuwa imebeba habari za injini ambazo mwenye gari mwenyewe pengine hazijui.

Sehemu nyembamba iliyo kati ya silinda mbili ikiwa imeungua na kuwa nyeusi, mwako umekuwa ukipita kutoka silinda moja hadi nyingine, na hapo ndipo utakapoweka rula ya chuma kwanza unapokagua kama kichwa kimepinda. Pete ya chuma inayozunguka tundu la silinda ikiwa imebondeka au kupasuka, mshtakiwa huenda si gasketi bali mlipuko usio wa wakati wake, unaotokana na cheche kuwaka mapema, mafuta duni au injini kuchemka. Ukingo wa nje ukiwa umelowa oili upande mmoja tu, tazama bolti za upande huo.

Dalili ninayotaka msomaji wa pwani aiangalie kwa makini zaidi ni kutu na kumomonyoka kwa kingo za matundu ya maji. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvichumvi, na maji hayo ndiyo yanayomiminwa kwenye rejeta barabarani kwa sababu ndiyo yaliyo karibu. Chumvi hula alumini kuanzia kwenye ukingo wa tundu la maji kuelekea kwenye silinda, mpaka kinabaki kidaraja chembamba cha alumini kisichoweza kubana kitu. Geuza kichwa, linganisha kila tundu na alama ambayo gasketi ya zamani imeacha, kisha ujiulize swali moja: je, shimo lililolika limeingia chini ya mstari ambao gasketi mpya itauzibia? Likiwa limeingia, hakuna gasketi ya bei yoyote itakayoponya kichwa hicho. Kitajazwa kwa kuchomelewa na kusawazishwa kwa mashine, au kitabadilishwa. Kichwa kilichochemka sana nacho kipimwe nyufa kwa shinikizo na kipimwe ugumu, kwani alumini iliyopata moto kupita kiasi hulegea na haishikilii tena mkazo wa bolti.

Kabla ya kuiweka kando, nakili maandishi, herufi, vitundu na mikato iliyo kwenye ukingo wa gasketi hiyo. Nakili tu, usiifanye kuwa sheria, maana fundi aliyetangulia huenda aliweka iliyopatikana siku ile.

Ijue injini, si gari

Kijana akiingia katika duka la spea na kusema, "Ami, nipatie hedi gasketi ya Probox," mwenye duka anayeijua kazi yake hamtajii bei. Humuuliza, "Injini gani, mwanangu?" Ana haki ya kuuliza, kwa kuwa Probox za Toyota zilizoshuka bandarini Kilindini kwa miaka hii yote zina injini tofauti. Ya 1NZ-FE na ya 2NZ-FE zina silinda za upana uleule wa milimita 75, ingawa ya kwanza ina ujazo wa lita 1.5 na ya pili lita 1.3, lakini ya 1NR-FE, ambayo nayo ni ya lita 1.3, ina silinda za milimita 72.5 na ni injini ya familia nyingine kabisa. Jina la gari na ujazo wake havitoshi.

Kwenye dizeli hali ni ya kutatanisha zaidi. Injini za Toyota 2L, 3L na 5L, ambazo zimebeba abiria wa Hiace katika njia nyingi za pwani, zinafanana kwa sura kiasi kwamba asiyezizoea hazitofautishi zikiwa zimefunikwa na vumbi na oili. Silinda ya 2L ina upana wa milimita 92, ya 3L milimita 96, na ya 5L milimita 99.5. Gasketi ya 3L ikilazimishwa juu ya bloku ya 5L, pete yake ya chuma itaning'inia ndani ya silinda.

Soma nambari iliyopigwa kwenye bloku yenyewe. Logibuku ina nambari ya injini, lakini magari mengi hapa yamewahi kubadilishiwa injini kwa nyingine ya mtumba kutoka Japani au Dubai, na si kila aliyebadilisha alikwenda kurekebisha karatasi. Nambari ya chesisi nayo ni ya msaada mkubwa katika katalogi ya sehemu, mradi injini iliyomo iwe ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Vyote vitatu vikikubaliana, vizuri. Visipokubaliana, bloku ndiyo yenye neno la mwisho.

Aina ya gasketi hufuata hali ya nyuso

Sokoni utakutana na aina mbili kuu. Ya kwanza ina kiini laini cha grafaiti au nyuzi kilichoshikiliwa na bati jembamba, na pete za chuma zikizunguka matundu ya silinda. Ya pili imetengenezwa kwa matabaka ya chuma cha pua, mara nyingi matatu hadi matano, yenye matuta yaliyofinyangwa kuzunguka kila tundu, na tabaka za nje zikiwa zimepakwa ngozi nyembamba ya mpira. Ya shaba tupu ni ya magari ya mashindano na tuiache huko. Zipo pia zile kuukuu za shaba na asbesto ambazo bado hutoka kwenye Land Rover na malori ya zamani. Hizo zisikwanguliwe zikiwa kavu, bali zilowanishwe kwanza, kwa sababu vumbi la asbesto huua mapafu.

Kiini laini hujikandamiza na kujaza mikwaruzo midogo, na kwa hivyo husamehe uso usio mzuri sana. Matabaka ya chuma hayajazi kitu. Yanafanya kazi kama springi, matuta yakisukuma juu na chini, na ngozi ile ya mpira ndiyo pekee inayoweza kuziba mikwaruzo, nayo ni nyembamba mno. Faida yake ni kwamba yanavumilia shinikizo kubwa na yanakubali kichwa na bloku kusuguana bila kuraruka, na ndiyo maana watengenezaji wa magari wengi wameyahamia. Ila yanadai uso laini. Kwa kawaida gasketi laini hukubali uso wenye ukwaruzi wa maikromita 1.5 hadi 2.5, ilhali ya matabaka hutaka takriban maikromita 0.5 hadi 0.8, na kupita 1.3 ni kutafuta matatizo.

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo. Injini iliyotoka kiwandani na gasketi ya matabaka irudishiwe ya matabaka, na fundi wa mashine aambiwe hivyo mapema, ili mkato wa mwisho aupitishe polepole kwa kisu chenye makali. Usikubali kichwa kisuguliwe kwa msasa juu ya kioo na kuitwa kimeskimiwa, yaani kimesawazishwa kwa mashine. Msasa huo huweza kuonyesha uso unaong'aa huku ukiwa umelegeza kingo na kuacha katikati na kilima. Diski za kusugua zinazofungwa kwenye mashine ya mkono ni mbaya zaidi, kwa sababu chembe zake hubaki ndani ya njia za oili na baadaye huzila beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), na mwenye gari akaja kulaumu beringi.

Na ikiwa injini ilitoka na gasketi laini, je, ipandishwe daraja kwa kuwekwa ya matabaka? Wenye Subaru za injini ya EJ25 hufanya hivyo mara nyingi, wakiacha ile ya asili na kuweka ya matabaka iliyotengenezewa matoleo ya turbo, nayo huwafaa. Huwafaa, hata hivyo, pale tu ambapo nyuso zote mbili, za kichwa na za bloku, zimepitishwa kwenye mashine. Injini ambayo bloku yake haitatoka ndani ya gari, na ambayo uso wake utasafishwa kwa mkono tu, inafaa zaidi kubaki na gasketi laini yenye ubora kuliko kuvishwa ya matabaka ya bei kubwa.

Kupima kama uso umenyooka kunahitaji rula ya chuma iliyonyooka kweli na fila geji, yaani majani membamba ya chuma ya kupimia mwanya. Iweke rula kwa urefu kwenye kingo zote mbili, kwa mishazari yote miwili, na kwa upana kati ya silinda. Kwa injini nyingi ndogo za petroli za Toyota, 1NZ-FE ikiwamo, kikomo ni milimita 0.05, ukiweza kupenyeza jani la fila geji lililo nene kuliko hapo, kichwa kinakwenda kwenye mashine. Pima bloku vilevile. Watu hupima kichwa, wakaiacha bloku kwa sababu ni nzito, kisha wakashangaa.

Jambo moja la hapa pwani: uso wa bloku ya chuma cha kumimina uliotoka kwenye mashine hushika kutu kwa usiku mmoja, kwa sababu hewa yetu ina unyevu na chumvi. Upakwe oili nyepesi mara tu unapotoka kwenye mashine, na uoshwe kwa thina siku ya kufunga, si kabla.

Upana wa tundu

Silinda iliyolika hupanuliwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Tundu la gasketi lazima liwe kubwa kidogo kuliko silinda baada ya kupanuliwa, si kabla. Ukingo wa gasketi ukijitokeza ndani ya silinda, hauna maji ya kuupoza. Huwa mwekundu kama kaa la moto, huwasha mchanganyiko kabla ya cheche, na mwisho hukatika na kuanguka juu ya pistoni. Tundu likiwa kubwa kupita kiasi nalo huacha mfereji unaojaa kaboni na kuupa mwako mahali pa kuanzia kula pete.

Gasketi nyingi za kawaida zina nafasi ya kutosha kwa upanuzi wa hatua ya kwanza au ya pili, lakini usikisie. Ilaze gasketi juu ya bloku, ipitie kwenye pini za mwongozo, kisha tazama kila silinda kutoka juu ukiwa na mwanga mzuri: unapaswa kuona ukanda mwembamba wa bloku wenye upana ulio sawa pande zote. Injini zenye slivu zinazozungukwa na maji, kama ile ya Peugeot 504, zina kipimo kingine cha nyongeza, nacho ni kiasi ambacho slivu inachomoza juu ya uso wa bloku. Kikikosewa, gasketi yoyote itavuja.

Unene, na hasa kwa dizeli

Injini ya dizeli haina nafasi ya makosa hapa. Pistoni nyingi za dizeli huchomoza juu ya uso wa bloku zinapofika kileleni, na nafasi inayobaki kati yake na kichwa hutokana na unene wa gasketi peke yake. Gasketi ikiwa nyembamba mno, pistoni hugonga kichwa au vali. Ikiwa nene mno, mgandamizo hupungua, injini huwa ngumu kuwaka asubuhi na moshi hauishi. Ndiyo sababu watengenezaji hutoa unene wa aina kadhaa kwa injini moja. Katika familia ya 2L, 3L na 5L, Toyota hutumia herufi B, D na F, B ikiwa ndiyo nyembamba. Wengine hutumia mikato kwenye ukingo, na wengine vitundu: katika dizeli za Volkswagen za 1.9 TDI, pistoni ikichomoza kwa milimita 0.91 hadi 1.00 huwekwa gasketi ya kitundu kimoja, 1.01 hadi 1.10 ya vitundu viwili, na 1.11 hadi 1.20 ya vitundu vitatu.

Kipimo hiki huchukuliwa baada ya pistoni, fimbo zake na beringi mpya kufungwa ndani ya bloku, na ikiwa bloku imeskimiwa, baada ya kuskimiwa. Funga geji ya saa (kipimo chenye sindano) kwenye kishikizo kilichosimama juu ya uso wa bloku, uiweke kwenye sifuri hapo hapo, kisha uisogeze juu ya pistoni na uzungushe krenki polepole mpaka sindano ifike mwisho na kuanza kurudi. Pima sehemu mbili za kila pistoni, zote zikiwa kwenye mstari wa pini yake, kwa kuwa pistoni huyumba kidogo upande mwingine na kukudanganya. Chukua wastani wa hizo mbili. Rudia kwa pistoni zote, na uchague gasketi kwa kufuata ile iliyochomoza zaidi, wala usichukue wastani wa injini nzima. Kazi hii haimalizi hata nusu saa. Fundi asiye na geji ya saa aazime, kwa sababu kuchagua herufi kwa kutazama ile iliyokuwapo ni sawa tu pale ambapo hakuna kilichobadilishwa wala kukwanguliwa, na hiyo si oveholi.

Kwa wale wanaofikiria kuskimu kichwa cha dizeli yenye vyumba vidogo vya mwako vilivyopachikwa kichwani, tahadhari: uso ukishuka, vyumba hivyo hubaki vikichomoza na vali huja karibu na pistoni. Baadhi ya vichwa hivyo watengenezaji hawaruhusu kabisa vikwanguliwe.

Kwa petroli, hesabu huwa na nafasi zaidi, lakini ipo. Tuchukue 1NZ-FE, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,497 na uwiano wa mgandamizo wa 10.5. Kila silinda inapitisha takriban sentimita za ujazo 374 na kubakiza karibu 39.4 juu ya pistoni. Kichwa kikikwanguliwa kwa milimita 0.3, nafasi hiyo hupungua kwa kiasi kisichozidi sentimita za ujazo 1.3, na uwiano hupanda kuelekea 10.8. Kwa mwendo wa mjini huenda usihisi kitu. Lakini gari likipakiwa na kupandisha kilima cha Mazeras mchana wa jua kali, injini huweza kuanza kugonga, yaani ule mlipuko usio wa wakati wake, na kompyuta yake italazimika kuchelewesha cheche na kupunguza nguvu. Kichwa kikishuka, kamshafti (mhimili unaofungua vali) pia hukaribia krenki, na majira ya vali huchelewa kidogo.

Kwa hali kama hiyo baadhi ya watengenezaji hutoa gasketi ya ukarabati iliyo nene kwa milimita 0.2 au 0.3 zaidi. Hiyo ndiyo dawa, ikiwa ipo kwa injini yako. Kuweka gasketi mbili juu ya nyingine, jambo ambalo bado hufanyika, si dawa: hazikubuniwa kuzibana zenyewe kwa zenyewe, na hiyo nafasi ya ziada hairudishi chochote zaidi ya siku chache za kutembea. Kumbuka pia kwamba unene unaotajwa kwenye katalogi ni ule wa gasketi ikiwa imebanwa, kwa hiyo ya grafaiti ukiipima ikiwa mpya utapata kipimo kikubwa zaidi.

Matundu ya maji yasiguswe

Ukiilaza gasketi mpya juu ya bloku utakuta matundu ya maji ya bloku ni mapana, na ya gasketi ni madogo, na mengine yamezibwa kabisa. Hapo mafundi wengine huchukua patasi na kuyapanua, wakidhani kiwanda kimekosea. Hakijakosea. Matundu hayo madogo ndiyo yanayopima maji, yakiyalazimisha yafike mpaka silinda ya nyuma kabla ya kupanda kichwani. Ukiyapanua yale ya mbele, maji hukata njia, na silinda ya mwisho hubaki ikichemka huku geji ya dashibodi ikionyesha hali shwari. Linganisha matundu ya gasketi mpya na ya gasketi ya asili. Matundu ya bloku si kipimo cha hayo. Njia ya oili inayopanda kichwani nayo ilinganishwe kwa makini, kwa kuwa ni moja au mbili tu, na ikizibwa kamshafti hukauka.

Dukani

Ukishakuwa na nambari ya injini, aina, upana wa silinda na unene, sasa nenda dukani, na ikiwezekana chukua gasketi ya zamani pamoja nawe. Ile yenye nembo ya mtengenezaji wa gari ni salama ikiwa ni halisi. Miongoni mwa zinazotengenezwa na viwanda vya gasketi, Elring na Victor Reinz za Ujerumani, Ajusa ya Hispania na Stone ya Japani zina jina la kuaminika, na kwa sababu hiyohiyo majina makubwa ndiyo yanayoigwa. Kwa hiyo boksi lisikushawishi, itoe gasketi. Kingo za matundu ziwe zimekatwa safi bila vimiba. Matuta ya kila silinda yawe na urefu mmoja ukipitisha ncha ya kidole. Rangi ya mpira isibanduke ukiisugua kwa ukucha. Chukua maikromita na upime unene katika pembe zote nne. Muuzaji mwaminifu hatakasirika, na anayekasirika amekujibu.

Gasketi iliyokunjwa, hata ikanyooshwa, iache dukani. Matabaka yakishapinda hayarudi, na gasketi iliyotundikwa kwenye msumari kwa miaka huwa imepinda bila kuonekana. Ukiinunua, ibebe ikiwa imelala kati ya vipande viwili vya mbao nyembamba au kadibodi ngumu, hasa ikiwa safari ni ya bodaboda. Iachwe ndani ya mfuko wake mpaka dakika ya kufunga.

Kwa oveholi, seti kamili huwa nafuu kuliko kununua kimoja kimoja, lakini kagua hedi gasketi iliyo ndani ya seti kama ambavyo ungekagua iliyouzwa peke yake, kwa kuwa baadhi ya seti huja na unene mmoja tu wa kati. Si kosa kununua seti na kisha kununua hedi gasketi nyingine yenye unene unaofaa.

Bolti mpya ziwe sehemu ya ununuzi huohuo ikiwa injini hutumia zile zinazokazwa mpaka zikavutika. Za 1NZ-FE, kwa mfano, hukazwa kwa torki (nguvu ya kuzungusha) ya 29 Nm, kisha huzungushwa nyuzi 90, kisha nyuzi 90 nyingine, kuanzia katikati kwenda nje. Kitabu cha injini hutaja urefu ambao bolti ikiupita haitumiki tena. Mashimo ya bolti yakaushwe kwa upepo, kwa sababu oili au maji yaliyobaki chini yake hayagandamiziki na huweza kupasua bloku bolti inaposhuka. Silikoni isipakwe juu ya gasketi ya kichwa, isipokuwa pale kitabu kinapoagiza tone dogo kwenye maungio ya kifuniko cha mbele. Gasketi za matabaka hazikazwi tena baada ya injini kupata moto; zile laini za zamani, ikiwa kitabu kinaagiza, hukazwa tena injini ikiwa imepoa kabisa, bolti moja baada ya nyingine kwa mpangilio uleule wa mwanzo, ikilegezwa robo ya mzunguko kabla ya kurudishwa kwenye torki yake.